Penseli ya Mtoto wa Miaka Mitatu

Mzazi wa Mwanga au Gungu, hapa Kigoma, anayemlipia ada mwanawe wa miaka mitatu katika chekechea hutaka, ifikapo Ijumaa, kufungua daftari na kuona herufi. Mwalimu, akijua kwamba daftari ndilo litakalomtetea mbele ya mzazi huyo, hukishika kiganja cha mtoto na kukiongoza juu ya nukta za herufi A mpaka ukurasa ujae. Wapo pia wanaosema mtoto wa umri huo aachwe tu, kwa kuwa mkono hukomaa wenyewe wakati wake ukifika. Mjadala huu tunao kila mahali mjini Kigoma, na nadhani unastahili kupimwa kwa kuanzia kwenye mkono wenyewe.

Mtoto mchanga akiguswa kiganjani hukifumbata kidole kwa nguvu inayoweza kumshangaza baba anayempakata kwa mara ya kwanza, lakini mtoto hajakusudia kufumbata. Hiyo ni refleksi, yaani mwitikio wa neva usiopitia hiari yake, kama ilivyo pale anaposhtuka, akatupa mikono nje kisha akaikusanya kifuani, jambo ambalo daktari Ernst Moro alilieleza mwaka 1918 na likabaki na jina lake. Miitikio hii hufifia kadiri ubongo unavyoanza kuitawala misuli, na kwa kawaida ule wa kufumbata huwa umetoweka mtoto anapokaribia miezi 6. Hapo mkono huanza kuwa wake: hunyoosha kuchukua kitu, hukihamisha kutoka kiganja kimoja hadi kingine, na kati ya miezi 9 na 12 huweza kuokota punje ya wali kwa kidole gumba na cha shahada. Kuachia kitu kwa kukusudia huchelewa zaidi. Ndiyo maana mtoto wa karibu mwaka mmoja hudondosha kijiko, akakitazama, akalia arudishiwe, kisha akakidondosha tena. Mama anayekiokota kwa mara ya kumi hakabiliwi na ukorofi, bali na mazoezi ya stadi ambayo mtoto ameipata wiki hizo hizo.

Wanaosema tusubiri wana ushahidi wa zamani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1929 nchini Marekani, Arnold Gesell na Helen Thompson walimfundisha pacha mmoja kupanda ngazi kwa wiki sita huku mwenzake akiachwa. Yule aliyeachwa alipoanza kufundishwa baadaye, wiki mbili zilimtosha kumfikia ndugu yake. Mwili nao una ratiba yake. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane, lakini mtoto huzaliwa nayo ikiwa gegedu tupu, yaani tishu laini kuliko mfupa, na hugeuka mifupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Wa mwisho husubiri mpaka mtoto yuko katika shule ya msingi.

Hata hivyo, haifai kutoka hapo na kusema kwamba mafunzo hayana kazi. Charles Super aliyewachunguza watoto wa Kipsigis nchini Kenya, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1976, aliona kwamba waliwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Marekani kwa sababu mama zao waliwafundisha, hata kwa kuwachimbia kishimo ardhini na kuwaegemeza kwa nguo. Katika mambo wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuwatangulia. Mafunzo husaidia, basi, lakini husaidia lile linalofundishwa, na kwa mwili uliokwisha kulikaribia.

Je, mtoto wa miaka mitatu ameikaribia herufi A? Katika umri huo wengi huweza kunakili duara. Msalaba huja karibu na miaka minne, mraba hukaribia mitano, na pembetatu, yenye mistari ya mshazari kama ile ya A, K na M, huchelewa kuliko yote. Penseli huishika kwa ngumi au kwa vidole vyote, na mshiko wa vidole vitatu hutulia kati ya miaka minne na sita. Kurasa za nukta anazojaza akiwa ameshikwa mkono zinaonyesha kazi ya mwalimu. Lakini siwezi kuidharau hofu ya mzazi, ambaye anajua kwamba darasa la kwanza litakuwa limejaa na mwalimu hatapata nafasi ya kumrudia mtoto mmoja mmoja. Hofu hiyo ni ya haki. Lililokosewa ni dawa yake.

Dawa ninayoiamini iko uani. Mtazame msichana wa miaka saba anayecheza mdako kwenye uwanja wa nyumba yao Ujiji: anarusha kijiwe juu, anakomba vijiwe kutoka shimoni, anakidaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka, kisha anarudisha vyote isipokuwa kimoja. Jicho linapima mwendo, vidole vinagawana kazi, kiganja kinaficha kijiwe kimoja huku ncha za vidole zikishughulika na kingine, na huo ndio uwezo ambao penseli itauhitaji. Mdogo wake hawezi kuucheza bado, lakini anaweza kufinyanga udongo, kuchora kwenye mchanga mpana wa Kibirizi, kutunga shanga kubwa, na kuchambua dagaa wakavu pamoja na bibi yake, mbali na moto na kisu. Hapa wale wanaosema aachwe wanapaswa kukumbuka kwamba bibi yupo. Mtoto aliyeachwa peke yake na simu naye ameachwa, na kidole kinachoteleza juu ya kioo hakisukumi wala hakibani chochote.

Subira nayo ina mpaka, na hapa ndipo neno “atakua tu” hunitia wasiwasi. Mkono unaopendelewa hujitokeza taratibu, kwa wengi kati ya miaka miwili na minne. Ukiwa ni wa kushoto, mtoto anaweza kufundishwa kula na kusalimia kwa wa kulia kwa heshima ya wakubwa, lakini penseli aachiwe mkono alioumbiwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, huku mwingine umekunjwa ngumi, hajachagua mkono. Huenda ule mwingine una udhaifu, na mama asingoje siku ya chanjo ijayo kumwonyesha mhudumu wa kliniki.