Wao wakija kwetu wanashika mtoto, sisi tukienda kwao tunashika mikono nyuma

Mwezi uliopita tulipata mgeni kutoka nyumbani Tanzania, hapa Ohio, Marekani, ninaposomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Jamaa ni bingwa kamili, MMed, ile shahada ya ubingwa, kamaliza zamani, na watoto aliowarudisha kutoka mlango wa kaburi hawahesabiki. Wakamvalisha kitambulisho cha mtazamaji. Wiki nne nzima haruhusiwi kugusa mgonjwa, stetoskopu ipo shingoni kama mkufu tu, kwenye raundi kasimama nyuma kabisa mikono mgongoni, nikimwangalia naona aibu ambayo hata sijui ni ya nani.

Sawa, sheria ni sheria, huku bila leseni hugusi mtu. Ila nilivyokuwa intani Tanzania, marezidenti wa Kimarekani, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, walikuwa wanakuja nao wiki nne nne, wanapata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari, na wiki hiyohiyo wanaandika dawa na kuchoma sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo. Huku wanaiita afya ya dunia, programu nyingi za watoto zina mkondo wake kabisa wenye mihadhara na cheti juu. Sisi ile ilikuwa kazi tu, cheti hakuna.

Na sio kwamba hawajifunzi, wanajifunza sana, ila mara nyingi anayewafundisha sio aliyeandikwa kwenye ratiba. Nakumbuka mmoja, binti mpole tu, anamuuliza mama wa mtoto mwenye degedege kama kampa dawa yoyote nyumbani, mi natafsiri, mama anasema hapana, anauliza tena kwa namna nyingine, hapana, anaandika hapana. Nesi mmoja wa makamo akaweka chini trei yake, akakaa pale pembeni ya kitanda, akasema, "Pole mama. Kabla ya kuja huku mlimpitisha wapi kwanza?" Basi yakatoka yote, mganga, majani ya kuogeshea, siku mbili zimeisha. Swali ni lilelile ila mlango mwingine. Yule binti aliliandika kwenye kidaftari chake neno kwa neno kwa Kiswahili, nikampenda kwa hilo.

Sasa kilichonikera ni darasa moja la hapa, la kujiandaa na safari za Afrika. Mdoli mezani, tukaambiwa tupo hospitali ya Afrika, mtoto miaka mitatu, homa kali, mikono ya baridi, viganja vyeupe, anahema mbio. Kabla ya hapo slaidi zote zilikuwa za visivyokuwepo, hakuna hiki hakuna kile, bara zima kama duka lililofilisika. Wenzangu wakaanza kumsukumia maji ya dripu, mililita 20 kwa kila kilo, haraka, kama tulivyozoea huku. Nikasema jamani subirini. Hilo jibu limetoka kwetu! Ile tafiti ya FEAST ya 2011 ilifanyika Uganda, Kilifi, na Muheza, ndiyo, Muheza hiihii ya machungwa, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyofika vizuri mikononi na miguuni, na waliosukumiwa maji haraka walikufa zaidi, ndani ya saa 48 karibu 10.6 kwa mia wakati wale wa dripu ya polepole 7.3. (Wa kuhara hawakuwemo, wale habari yao nyingine, msije mkanukuu vibaya.) Mwalimu aliijua, simsingizii, ila kwenye slaidi zake haikuwepo. Tulivyokosa vimeorodheshwa, tulichowafundisha dunia nzima hakimo.

Sisemi nyumbani ni peponi. Huku saa za kazi zina kikomo, 80 kwa wiki kwa wastani, ICU nesi mmoja ana mtoto mmoja au wawili, na kosa likitokea watu wanakaa wanalijadili bila kumtafuta wa kumtoa kafara. Mi nyumbani nimewahi kukesha na wodi imejaa, watoto wawili kitanda kimoja, manesi wawili, na asubuhi nikagombezwa kwa sababu faili moja halikusainiwa. Hayo nayataka yafike kwetu hata kesho. Ila mikono niliipata kule, kuhesabu pumzi kwa jicho, kupapasa bandama, huku mtoto anapigwa ultrasaundi kabla hata hajaguswa tumbo.

Hoja yangu ni kwamba sheria imekataza mikono, mdomo haijaukataza. Yule mgeni wetu wiki nne hakuna aliyemwambia njoo utufundishe hata nusu saa, wakati marezidenti watatu wa programu hiihii wanaenda Tanzania mwaka huu na walikuwa wanamwomba ushauri wa chanjo na hoteli. Kama hospitali inapeleka watu wake kwetu kila mwaka basi wa kwetu akija apewe darasa, na alipwe kama mwalimu mwingine yeyote, tuache hii ya tiketi na asante.

Siku moja kabla hajaondoka tulikuwa kantini, mmoja wa wale watatu akamuuliza kuhusu kwashiakoo, nadhani kwa kukosa la kuongea. Jamaa akavuta tishu, akatoa peni. Akachora mtoto amevimba miguu, akaandika F-75, yale maziwa maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo mkali, kidogo kidogo kila saa mbili, usiku pia, sukari, joto, antibayotiki hata kama hana homa, halafu madini ya chuma akayapiga mstari mara mbili, haya usimpe mwanzoni, subiri aanze kuongeza uzito. Chakula kikapoa. Meza ya pili wakasogeza viti. Dakika arobaini hivi, na alivyomaliza yule dada akaikunja ile tishu taratibu akaitia mfukoni, mi nikaenda kumtafutia jamaa chai nyingine.