Ukishakatwa, Hukumu ya Nini?

Wanaolalamika kwamba sheria ya utawala ya Ujerumani inachelewesha kila kitu hukinyooshea kidole kifungu cha 80 cha sheria ya mahakama za utawala ya mwaka 1960. Kanuni yake ni kwamba ukiipinga amri ya serikali iliyokuelemea, utekelezaji wa amri hiyo husitishwa mpaka shauri liamuliwe. Huna haja ya kuomba zuio.

Malalamiko yao si ya kupuuza. Jengo linalotaka kuanguka halisubiri kesi iishe, na dereva hatari akiachiwa usukani, atakayeumia ni mpita njia. Ndiyo maana kifungu hichohicho kinairuhusu mamlaka kuagiza utekelezaji wa papo hapo, mradi ieleze kwa maandishi kwa nini umma hauwezi kungoja. Kodi nazo hulipwa kwanza, ubishi baadaye.

Lakini tazameni Msitu wa Hambach, magharibi ya Köln. Kabla ya mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa na hekta zaidi ya 4,000. Mwaka 2018 zilibaki kama 200, na kampuni ya RWE, yenye mgodi huo, ilitaka kukata karibu nusu ya hizo. Kibali kilikuja na agizo la utekelezaji wa papo hapo. Shirika la mazingira la BUND likaenda mahakamani, na tarehe 5 Oktoba 2018 mahakama ya juu ya utawala ya Münster ikasimamisha ukataji. Suala la popo adimu wa msitu ule lilikuwa gumu mno kuamuliwa kwa haraka, na hakuna aliyethibitisha kwamba bila kukata miti ile mara moja umeme ungepungua.

Machi 2019 mahakama ya Köln ikaitupa kesi ya msingi ya BUND. Kwa hesabu ya wakosoaji, miezi ile ilipotea bure. Mbona basi Januari 2020 serikali kuu na majimbo yenye makaa walikubaliana msitu ubaki? Walikuwa na cha kukubaliana kwa sababu miti ilikuwa bado imesimama. Fedha iliyotozwa kimakosa hurudishwa. Mti wa miaka mia hauna wa kuurudisha.

Kinachonitia wasiwasi ni sheria zinazoondoa moja kwa moja kinga hii ya amri kusitishwa: jirani anayepinga kibali cha ujenzi, mgeni aliyenyimwa kibali cha ukaazi. Hapo mamlaka haidaiwi hata yale maelezo ya maandishi. Ni mgeni mwenyewe anayepaswa kukimbilia kwa hakimu kabla hajaondolewa nchini.