Cha juu

Kuna neno ambalo sijawahi kulikuta kwenye sera yoyote ya maadili ya kampuni, na nimesoma nyingi, nyingine nimeziandika kwa mkono wangu. Neno lenyewe ni cha juu. Kila aliyewahi kumtuma kijana Kariakoo kununua vipuri analijua. Bei dukani ni laki mbili, risiti inaandikwa laki mbili na nusu, hamsini inabaki mfukoni mwa aliyetumwa. Mwenye duka hana hasara. Aliyeumia ni mwenye hela, naye hajui kama ameumia.

Kazi yangu kwa lugha ya ofisini inaitwa uzingatiaji, yaani kuhakikisha kampuni inafuata sheria na maadili. Wenzangu wanasema tu "yule mtu wa komplayansi", na mara nyingi wanashusha sauti wakisema. Kwenye semina zetu tunachora majedwali ya hatari, ya kijani, njano na nyekundu. Kila Desemba kuna jaribio la maadili la kwenye kompyuta ambalo lazima kila mfanyakazi alifanye kabla ya likizo, na majibu yake huzunguka kwenye grupu la WhatsApp tangu saa mbili asubuhi. Asilimia mia moja wanafaulu. Makao makuu wanafurahi.

Cha juu hakimo kwenye jaribio.

Nitatoa mfano mkubwa, kwa sababu midogo kila mtu anayo yake. Mwaka 2012 serikali ya Tanzania ilikuwa inatafuta mkopo wa dola milioni 600 kutoka kwa wawekezaji wa nje. Walioomba kazi ya kuutafuta ni Standard Bank ya London pamoja na ndugu yake wa hapa, Stanbic Tanzania. Ada iliyotajwa mwanzoni ilikuwa asilimia 1.4. Mambo hayakwenda. Baadaye mwaka huohuo akatokea mshirika wa ndani, kampuni iitwayo EGMA, na ada ikawa asilimia 2.4. Asilimia moja iliyoongezeka ilikuwa ya mshirika huyo. Mwenyekiti wake alikuwa kamishna mkuu wa TRA, mamlaka yetu ya mapato, tena akiwa bado kitini, na mwenzake mmoja aliwahi kuongoza mamlaka ya masoko ya mitaji.

Asilimia moja ya milioni 600 ni dola milioni 6. Machi 2013 mkopo ukapatikana, EGMA ikalipwa kwenye akaunti yake palepale Stanbic, na ndani ya siku kumi hivi sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imeshatolewa, nyingi yake taslimu. Mimi hata fundi bomba namlipa kwa simu. Wachunguzi walipokuja kutafuta kazi ambayo EGMA iliifanya ili kustahili malipo hayo, hawakupata ushahidi wa kazi yoyote.

Kijana wa Kariakoo angeelewa kesi hii kwa nusu dakika.

Na ukiitazama vizuri utaona kitu kinachouma zaidi. Ada ilikatwa kwenye mkopo wenyewe. Kwa hiyo nchi ilikopa dola milioni 6 za kumpa mtu ambaye hakufanya kazi, kisha ikabaki na wajibu wa kuzirudisha pamoja na riba. Cha juu cha Kariakoo angalau hakina riba.

Sasa, watu wa fani yangu huisimulia kesi hii kama kesi ya makaratasi kukosekana. Mimi siioni hivyo. Makaratasi yalikuwepo. Kulikuwa na mkataba wa ushirikiano, akaunti ilifunguliwa, fomu za kumtambua mteja zilijazwa Dar es Salaam. London ikategemea kwamba Dar imeshamjua huyu mshirika ni nani, ikaendelea na kazi. Kwenye faili kila kisanduku kilikuwa na tiki yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza swali ambalo bibi yangu angeuliza bila kwenda semina: huyu anafanya nini hapa?

Aliyeuliza alitoka chini. Wafanyakazi wa Stanbic hapa nyumbani ndio walioona fedha zinavyotoka, wakashtuka, wakasema. Taarifa ikapanda hadi Johannesburg, mawakili wakaitwa, na Aprili 2013, wiki chache tu baada ya malipo, benki yenyewe ikajiripoti kwa SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa na rushwa. Novemba 2015 Standard Bank ikawa kampuni ya kwanza Uingereza kufikia makubaliano ya kuahirisha mashtaka mbele ya jaji, yaani kesi inasimamishwa kampuni ikitimiza masharti. Kosa lililoandikwa ni la kampuni kushindwa kuzuia rushwa, kifungu cha 7 cha sheria yao ya rushwa ya mwaka 2010. Faini ilikuwa dola milioni 16.8, faida yote ya milioni 8.4 ikatapikwa, na Tanzania ikarudishiwa zile milioni 6 na riba yake, jumla milioni 7 na kidogo. Benki Kuu yetu nayo ikaitoza Stanbic shilingi bilioni 3.

Kila ninapoendesha mafunzo kwa mameneja ninawaambia habari hii, na kila mara wanaandika namba za faini. Hakuna anayeandika kwamba walioona ni wafanyakazi wa kawaida. Bajeti ya mafunzo inaishia kwa wakurugenzi hotelini Bagamoyo, na mtu wa kaunta, mtunza stoo, dereva, mhasibu wa vocha ndogondogo, hao wanaachiwa lile jaribio la Desemba. Ni kama kuweka mlinzi sebuleni na kuacha geti wazi.

Mlalahoi anayeona ana mengi ya kufikiria kabla ya kufungua mdomo. Tanzania tuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tangu 2015. Ni kitu. Lakini mtunza stoo hafukuzwi kwa barua inayosema "umetoa taarifa". Anahamishiwa tawi la mbali. Mkataba wake wa mwaka unakwisha na hakuna anayekumbuka kuuhuisha. Anaitwa mnoko, na ukishaitwa mnoko Bongo hata chai ya saa nne unakunywa peke yako. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na namba ya siri ya kutolea taarifa, imebandikwa ukutani, rangi nzuri. Ilikuwa inaita kwenye meza ya katibu muhtasi wa mkurugenzi.

Kuna jambo jingine linanisumbua, na mwaka 2025 lilizidi. Kesi zetu mbili kubwa zaidi za kampuni kubanwa zimemalizikia London. Kabla ya Stanbic ilikuwa rada. BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, walituuzia rada kwa pauni milioni 28, wakaishia kukiri mahakamani mwaka 2010 kwamba hawakuweka kumbukumbu sahihi za hesabu za biashara ile. Mahakama ikawapiga faini ya pauni 500,000, na wao wakatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Mtaani tuliziita chenji ya rada. Jina zuri sana, ukilifikiria. Umeenda dukani, umezidishiwa bei, miaka inapita, mwenye duka anakukimbilia barabarani na chenji yako kwa sababu polisi wa kwao wamemwona.

Februari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha kwa siku 180 usimamizi wa sheria yao ya mwaka 1977 inayozuia kampuni kuhonga maafisa wa nchi za nje. Juni ikatolewa miongozo mipya, usimamizi ukarudi ukiwa umepunguzwa makali. Siku ile ya Februari nilipokea jumbe tatu za utani kutoka kwa watu ninaowaheshimu, zote zikisema nitafute kazi nyingine. Mmoja alisema, "Kaka, hata wenyewe wamechoka."

Niliwajibu kwa hasira kuliko ilivyofaa. Uingereza haijachoka, ilishapanga kuanza Septemba 2025 kutumia kosa jipya la kampuni kushindwa kuzuia ulaghai, na ikaanza kweli. Kenya tangu 2016 ina sheria ya hongo inayozitaka hata kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo, na mwenye madaraka anayeijua hongo ana saa 24 za kuripoti. Kwetu sheria ya 2007 ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, haijawahi kungoja saini ya Washington. Lakini baadaye, nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, nilikubali kwamba utani ule ulinigusa kwa sababu ulikuwa na ukweli. Sehemu kubwa ya nidhamu tuliyonayo kwenye kampuni zetu tumeazima. Tunamwogopa mkaguzi wa nje, mfadhili wa nje, benki ya nje inayouliza mmiliki halisi ni nani. Akilala huyo mmoja, tunaanza kupiga miayo.

Na kwa kuwa tumeazima, nguo haitutoshi vizuri. Sera za zawadi ni mfano. Sera ya kawaida kutoka makao makuu inakuambia usipokee zawadi inayozidi dola 50 au kiasi kama hicho. Sawa. Kwa hiyo kalenda ya Desemba na kikapu cha Iddi tunaviandika kwenye rejista kwa uaminifu mkubwa. Halafu afisa manunuzi anamwoza binti yake.

Kadi ya mchango inafika kwa wasambazaji wote. Katibu wa kamati anaanzisha grupu, kila jioni anabandika orodha ya ahadi, na juu kabisa ya orodha, juu ya wajomba wa bibi harusi, yupo mwenye kampuni ya sare za kazi: milioni moja, imelipwa. Baada ya miezi miwili zabuni ya sare inatangazwa. Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na kila nilipouliza niliambiwa ninaingilia mila za watu.

Mila naijua. Mchango kwetu ni deni linalozunguka, leo kwangu kesho kwako, na ndiyo maana sina ugomvi nao. Lakini yule wa sare hangojei harusi ya mwanawe ili arudishiwe. Anangojea oda. Huo ni cha juu kilicholipwa mapema, kimevaa kitenge. Sioni ugumu wa kuliandika hili kwenye sera kwa Kiswahili cha kawaida: kadi isipelekwe kwa msambazaji yeyote, na aliyechangia kwa hiari yake aandikwe kwenye rejista kama kalenda inavyoandikwa, na mwenye sherehe asikae kwenye kamati ya zabuni inayomhusu.

Tumewahi kujaribu kuipa ukarimu wetu kinga ya kisheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, wagombea wakawa wanakirimu wapiga kura kwa jina la desturi za Kiafrika, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Wanasiasa walifundishwa na mahakama. Ofisini bado tunakirimiana.

Wasomaji wataniuliza, na wewe je? Haki yao. Miaka michache iliyopita, kwenye kampuni nyingine, tulikuwa na lori linalosubiri kibali kutoka ofisi moja ya umma. Wakala wetu akaleta madai yake, na katikati ya mistari ulikuwepo mmoja: gharama za ufuatiliaji, 400,000. Mhasibu, binti makini kuliko sisi wote, akaja mezani kwangu na vocha.

"Kaka, hii niiandike nini?"

"Imeandikwa ufuatiliaji."

"Ndiyo, lakini amefuatilia nini? Ofisi yenyewe iko ng'ambo ya barabara."

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mstari ule nilikuwa nimeupitisha mara ngapi kabla ya siku hiyo, sitaki kuhesabu. Nikampigia wakala, mzee wa heshima zake, nikamwamkia, nikamwuliza. Akacheka. "Mwanangu, si unajua mambo yalivyo." Nikamwambia najua, ila mhasibu hajui, na yeye ndiye anayeandika. Akanyamaza kidogo, akasema basi tusubiri foleni kama watu wengine.

Tulisubiri siku kumi na moja. Lori lilikaa yadi muda wote huo na bili ya yadi ikawa zaidi ya mara mbili ya ule ufuatiliaji. Bosi hakufurahi, wala hakujisumbua kuficha; kwenye kikao cha Jumatatu aliniuliza mbele ya watu kama mshahara wangu utalipa yadi. Mchana binti alileta vocha nyingine nisaini. Nikamwuliza kama ameambatanisha risiti.

"Ipo kaka," akasema. "Na hii inasomeka."