Usiandike pumzi ambayo hujaihesabu

Wiki hii tangazo la semina ya kurudia misingi ya uuguzi liliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini, na kabla ya adhuhuri kundi lilikuwa limewaka moto. "Sisi si wanafunzi wa mwaka wa kwanza." "Mtu ana miaka kumi na tano kazini leo anafundishwa kupima joto?" Mmoja wao, dada ninayemheshimu sana, ambaye sijaona mwenye mikono kama yake kwenye kanula za watoto wachanga, aliandika kwamba misingi ni ya chuoni, wodini ni uzoefu.

Sentensi hiyo imeninyima raha tangu siku ile. Chukua mafaili ya wagonjwa waliolazwa jana usiku, fungua chati ya vipimo, shusha kidole kwenye safu ya pumzi, pale panapoandikwa mgonjwa anapumua mara ngapi kwa dakika. 20. 20. 20. Hapa na pale utakutana na 18, halafu inarudi 20. Mzee wa moyo, 20. Binti wa pumu, 20. Kijana aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa apendeksi na kuchomwa pethidini, dawa kali ya maumivu, 20. Haiwezekani watu hawa wote wahema sawasawa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na kila anayejaza chati hizo anajua haiwezekani.

Kwa nini 20? Kwa sababu mtu mzima anatakiwa apumue mara 12 hadi 20 kwa dakika, na 20 iko ndani ya mstari, haimshtui mtu, haimwamshi daktari wa zamu. Joto tunapima kwa sababu kipimajoto kinatoa namba chenyewe. Presha tunapima kwa sababu mashine inatoa namba. Pumzi haina mashine wodini kwetu. Inahitaji saa, macho, na dakika moja ya kusimama bila kufanya kitu kingine, na hapo ndipo misingi yetu inapovunjika.

Na pumzi ndiyo inayotangulia kusema. Damu ikianza kuvuja ndani, maambukizi yakiingia kwenye damu, tindikali ya damu ikipanda kwa mtoto mwenye malaria kali au mgonjwa wa kisukari, mwili unajaribu kujiokoa kwa kuhema. Presha ya kijana, na hasa ya mama aliyetoka kujifungua, inaweza kukaa vizuri wakati ameshapoteza damu nyingi, kisha ikaporomoka kwa mkupuo. Ukisubiri presha ikwambie, umechelewa. Waingereza walipotengeneza mfumo wao wa alama za tahadhari mwaka 2012, ambao kila kipimo hupewa alama kadiri kinavyotisha, pumzi 25 kwenda juu walizipa alama 3, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa kipimo kimoja, na pumzi 8 kushuka chini nazo 3. Yaani mgonjwa mwenye presha nzuri, joto zuri, anayeongea na wewe, akiwa anapumua mara 26 tayari anatakiwa aangaliwe haraka. Sisi tumemwandikia 20.

Niliwahi kuingia zamu ya asubuhi, tukapokezana, ripoti ikasomwa kitanda kwa kitanda: mama wa siku ya pili baada ya upasuaji wa kujifungua, hali nzuri, vipimo vizuri. Mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikamsalimia, shikamoo mama. Akaitika marahaba, halafu akanishika mkono: "Mwanangu, huyu anahema kama aliyetoka kutwanga. Tangu usiku." Nikafunua khanga kifuani, nikasimama na saa. Alikuwa anapumua mara 36. Kwenye chati, tangu jana yake jioni, ilikuwa 20 mfululizo. Alikuwa na maambukizi yaliyokwisha kuingia kwenye damu, na alirudishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Alipona. Lakini mtu wa kwanza kumfanyia uuguzi usiku ule alikuwa bibi asiyejua kusoma chati, aliyemtazama mgonjwa wake.

Ndiyo maana nasema kisanduku kitupu ni bora kuliko namba ya kubuni. Kisanduku kitupu kinaita mtu. Anayekuja baada yako anaona hapa hapajapimwa, anapima. Daktari akipita anauliza. Namba ya kubuni inawatuma wote hao waende zao kwa amani, na tena inaharibu na zile za mbele yake: mgonjwa akihesabiwa kweli saa nne asubuhi akakutwa na 30, hakuna anayeweza kusema amebadilika lini, maana historia yake tumeitunga wenyewe. Kupima kwa kuchelewa ni udhaifu. Kutunga ni jambo lingine kabisa, na mimi sitaki tena kulizungumza kwa upole.

Kuna anayejibu kwamba siku hizi kuna oksimita ya kidoleni. Oksimita inaeleza oksijeni kwenye damu, haielezi mgonjwa anaitafuta kwa jasho kiasi gani. Mtu aliyewekewa oksijeni anaweza kuonyesha 97 huku anahema mara 34 na misuli ya shingo inavuta. Tena mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa vifaa hivi viliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko wazungu, vikisema oksijeni inatosha wakati imeshuka. Hilo linatuhusu sisi na ngozi zetu moja kwa moja, na sijasikia likizungumzwa wodini hata siku moja. Ongeza rangi nzito ya kucha au piko la harusi kwenye kidole, usomaji unaweza kuvurugika zaidi.

Watoto ndiyo wananiuma zaidi. Kwenye zahanati ya kijijini, isiyo na picha ya eksirei wala maabara ya maana, mhudumu anaamua nimonia kwa kuhesabu pumzi: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5. Dakika nzima, mtoto ametulia, hanyonyi wala halii. Namba hiyo ndiyo inayoamua dawa. Halafu mtoto huyohuyo anapewa rufaa, anafika hospitali kubwa yenye wataalamu na jenereta, na huko namba yake inaandikwa bila shati kufunuliwa.

Anayedhani mambo haya ya kupima ni ya kitoto na atazame kilichotokea kwenye vyumba vya kujifungulia. Miaka yote tulikuwa tunakisia damu ya mama kwa macho. Nani asiyejua jinsi khanga inavyokunywa damu, na jinsi godoro linavyoficha? Kisha ukafanyika utafiti wa E-MOTIVE katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, matokeo yakatoka Mei 2023. Walichoongeza ni shuka la plastiki lenye mfuko wenye mistari, ili damu isomwe kwa mililita, kumwangalia mama kila dakika 15 katika saa ya kwanza, na kuanza tiba zote kwa pamoja bila kusubiri: kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, asidi ya traneksamiki ya kupunguza uvujaji, maji ya mshipa, kumkagua na kuita msaada. Dawa ni zilezile tunazozijua. Mahali walipoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu ya waliovuja damu kupita kiasi hawakugunduliwa. Waliopima waligundua zaidi ya 9 kati ya 10, na kuvuja damu kwa kutisha, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vyake kwa ujumla vikashuka kwa asilimia 60. Sitini! Wale wakunga walikuwa na uzoefu kabla ya utafiti na walikuwa na uzoefu wakati wa utafiti. Tofauti ilikuwa kwamba sasa walisoma mstari.

Nakubali, na nakubali kwa shingo upande kwa sababu hoja hii imetumika kufunika mengi: tuko wachache. Muuguzi mmoja na wagonjwa thelathini usiku, wawili wanaongezewa damu, mmoja ana degedege, ndugu wanagonga mlango, na dripu haijajibadilisha yenyewe. Pumzi za dakika nzima kwa watu thelathini ni nusu saa kabla hujatembea hatua moja. Sitamwambia muuguzi wa namna hiyo apime kila mtu kila baada ya saa nne kama kitabu kinavyotaka. Lakini anaweza kuchagua. Aliyetoka theatre leo, aliyejifungua leo, aliye kwenye oksijeni, anayeongezewa damu, aliyechomwa mofini au pethidini, na yule ambaye ndugu yake amesema "hayuko sawa." Hao wahesabiwe kweli. Wengine aandike "sikupima," na saini yake.

Na hapa lawama si ya muuguzi peke yake. Wanaokuja kukagua ubora wanahesabu visanduku vilivyojazwa. Sijaona mkaguzi anayechukua chati, anakwenda kitandani na kuhesabu pumzi mwenyewe ili alinganishe. Anayeacha wazi kwa uaminifu anaitwa ofisini, aliyejaza 20 mara thelathini anapongezwa kwa kumbukumbu nzuri. Wanafunzi wa mazoezi wanaliona hilo wiki ya kwanza. Wanakuja kwetu wakiwa wanasimama na saa, wanaondoka wakijua kujaza, na mwalimu wao wa kujaza ni sisi.

Mengine ya kwenye ratiba ya semina nayapitia haraka. Glavu haimnawii mtu mikono. Ukiivaa kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha nane umevaa ulinzi wako, wagonjwa umewaachia vijidudu. Potasiamu isiyochanganywa haisukumwi kwenye mshipa, kamwe, hata akiagiza nani. Na majina: kwenye wodi yenye akina Mwajuma watatu, usimuulize mgonjwa "wewe ni Mwajuma?" Mtu mzima wa kwetu, ana homa, anamheshimu nesi, atasema ndiyo hata kama hajakusikia vizuri. Muulize "unaitwa nani, mama, na jina la baba?" kisha tazama faili, kisha dawa.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi, kwa aliyesahau au asiyewahi kuonyeshwa vizuri. Usimwambie mgonjwa kwamba unahesabu pumzi zake, maana akijua atazibadilisha. Shika mkono wake, hesabu mapigo, ukimaliza usiachie. Endelea kushika kama bado unahesabu mapigo, macho yahamie kifuani, kwa mtoto tumboni, hesabu dakika kamili. Wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, pumzi moja waliyoikosa inakuwa nne. Tazama pia jinsi anavyopumua: pua zinatanuka, mbavu zinaingia ndani, anaongea maneno mawili anakata? Andika saa uliyopima, ile ya kweli, hata kama ni saa saba na dakika kumi na mbili usiku.

Wakati wa kupokezana zamu, nauliza swali moja kwa kila mgonjwa mzito: pumzi umehesabu saa ngapi? Wengine wamekasirika. Wakikasirika tunaenda wote kitandani, tunahesabu pamoja, tunaandika.

Ninyi wakuu wa wodi, kuna jambo moja lisilohitaji kibali cha mtu wala bajeti ya halmashauri. Wodi nyingi nilizopita hazina saa ya ukutani inayotembea, au ipo nyuma ya mlango wa ofisi. Simu tumekatazwa mbele ya wagonjwa, na saa za mkononi tunaambiwa tuvue kwa ajili ya kunawa. Basi nunueni saa kubwa yenye mshale wa sekunde, itundikwe mahali inapoonekana ukiwa umesimama kitandani, na awepo mtu aliyepewa kazi ya kubadilisha betri.