Kura ya mshahara Missouri: nani kasema mpiga kura hajui hesabu?

Jijini Kansas City, Marekani, kuna barabara inayoitwa State Line Road. Mashariki yake ni jimbo la Missouri, magharibi ni jimbo la Kansas, na kuvuka ni suala la kungoja taa tu. Tangu Januari 2026, mpanga bidhaa wa supamaketi upande wa Missouri hatakiwi kulipwa chini ya dola 15 kwa saa. Akivuka barabara, sheria inamlinda kwa dola 7.25 tu, kile kima cha chini cha mshahara cha taifa ambacho hakijaguswa tangu Julai 2009. Soko linaweza kumpa zaidi, ndiyo, lakini sheria haimdai mwajiri zaidi ya hapo.

Mabunge ya majimbo yote mawili yameshikwa na chama cha Republican, cha mrengo wa kulia, na hakuna hata moja lililokuwa na hamu ya kuongeza mshahara. Kilichowatenganisha ni kwamba Missouri inawaruhusu wananchi kukusanya saini na kuliweka swali lao kwenye karatasi ya kura. Kansas hairuhusu.

Kwetu tuliozoea kusubiri Mei Mosi rais apande jukwaani atangaze nyongeza, habari ya kuwauliza wananchi wenyewe kima kiwe shilingi ngapi inasikika kama mzaha. Huko Marekani pia wapo wengi wanaoiona hivyo, na wana hoja. Mshahara ni bei, wanasema, na bei haipangwi kwa kunyoosha mikono. Anayepiga kura ya ndiyo hatoi senti siku hiyo. Mzigo utamfikia mwenye mgahawa wa mji mdogo, naye atakata saa za wafanyakazi au atapandisha bei ya sahani. Halafu swali huja limeshaandikwa, ndiyo au hapana, hakuna wa kusema tuanze na 13 tuone mambo yanavyokwenda. Bungeni angalau watu hukaa mezani, wakavutana, wakakutana katikati.

Basi tuiangalie hiyo meza. Mei 2017 mji wa St. Louis ulipandisha kima chake hadi dola 10. Bunge la Missouri likapitisha sheria ya kuizuia miji isijiwekee kima chake, na ilipofika Agosti 28 mwaka huohuo kima cha St. Louis kikarudi dola 7.70. Ilikuwa Jumatatu. Mtu aliyekuwa zamu Jumapili kwa dola 10 aliamka kesho yake mwajiri wake ana ruhusa ya kumkata dola 2.30 kwa kila saa, ambazo kwa wiki ya saa 40 ni dola 92. Wapo waajiri waliotangaza kwamba hawatakata. Huo ulikuwa uungwana wao. Sheria ilikuwa imeshamwacha mfanyakazi.

Ndipo swali likapelekwa kwa jimbo zima. Mwaka 2018 asilimia 62 ya wapiga kura wa Missouri walikubali dola 12 ifikapo 2023. Novemba 2024 wakaulizwa tena, katika swali lililoitwa Proposition A, na karibu asilimia 58 wakasema ndiyo: dola 13.75 Januari 2025, dola 15 Januari 2026, pamoja na saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi. Kumbuka kima kilikuwa dola 12.30. Nyongeza ililetwa kwa hatua mbili, ya kwanza dola 58 kwa wiki, ya pili dola 50. Kwa watu wanaosemwa kuwa hawajui kukutana katikati, naona walikwenda kwa mwendo wa tahadhari kuliko Bunge lililofuta dola 92 kwa usiku mmoja.

Itasemwa kwamba hii ni ajenda ya mrengo wa kushoto iliyopitishwa na watu wa mjini. Siku hiyohiyo Missouri ilimpa Donald Trump zaidi ya asilimia 58. Lakini mfano ninaourudia kila mara ni wa Florida, mwaka 2020. Huko swali la dola 15 lilipata takriban kura milioni 6.4. Trump, aliyeshinda jimbo, alipata takriban milioni 5.7, na Joe Biden milioni 5.3. Hebu tupige hesabu polepole. Tuseme kila aliyempigia Biden, bila kukosa hata mmoja, aliikubali pia dola 15. Bado inabaki zaidi ya milioni moja ya kura za ndiyo ambazo hazikutoka kwake, na vyama vidogo vilipata kura chache mno kuliziba pengo hilo. Na hapo nimewakadiria watu wa Biden juu kabisa. Lazima wapo waliosema hapana, na kila mmoja wao anaongeza idadi ya watu wa Trump waliosema ndiyo. Watu wengi zaidi Florida walikubaliana juu ya dola 15 kuliko walivyokubaliana juu ya mgombea yeyote wa urais. Mtu akiniambia hao walifuata mkumbo wa chama, namuuliza chama kipi.

Wala hawasemi ndiyo kwa kila kitu. Novemba 2024, California, jimbo ambalo wengi hudhani litakubali nyongeza yoyote, iliulizwa ipandishe kutoka dola 16 hadi 18, na hapana ikashinda kwa kura chini kidogo ya asilimia 51. Massachusetts siku hiyo ilikataa, kwa karibu theluthi mbili, kufuta kima maalumu, kilicho chini ya kile cha wengine, wanacholipwa wanaoishi kwa bakshishi. Na South Dakota, jimbo la Republican kwelikweli, wananchi walipandisha kima mwaka 2014, Bunge likajaribu kuwapunguzia vijana wa chini ya miaka 18 hadi dola 7.50, na mwaka 2016 asilimia 71 wakalirudisha Bunge nyuma. Huyo ni mtu anayesoma swali kabla ya kujibu.

Kuhusu ajira, wasomi wenyewe hawajamaliza. David Card na Alan Krueger walichunguza migahawa 410 ya New Jersey na Pennsylvania baada ya New Jersey kupandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 mwaka 1992, wasione ajira zikipungua. Card alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka 2017 timu ya Chuo Kikuu cha Washington ikasema kule Seattle saa za kazi za wenye mishahara midogo zilipungua kiasi cha kula nyongeza yote, huku wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiangalia migahawa ya mji huohuo, hawakuona ajira zilizopotea. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani mwaka 2021 ilikadiria kwamba dola 15 kwa nchi nzima ingeondoa ajira milioni 1.4 na kuwatoa watu 900,000 kwenye umaskini.

Tazama hayo makadirio ya mwisho. Yote mawili yametoka ofisi moja, katika ripoti moja. Anayepinga hunukuu la kwanza, anayeunga mkono hunukuu la pili. Hakuna kikokotoo kitakachotuambia ajira moja iliyopotea ina uzito wa familia ngapi zilizoinuka. Hapo utaalamu umefika mwisho wake, na sioni kwa nini seneta wa jimbo, tena mwenye wafadhili wenye mahoteli, awe na haki zaidi ya kulijibu swali hilo kuliko mpishi na mwenye hoteli wakipiga kura kila mtu moja.

Wapinzani wana jambo moja linalonisumbua kweli. Dola 15 ya Kansas City si dola 15 ya vilima vya Ozark, ambako kodi ya nyumba ni ndogo na wateja wana fedha kidogo. Kima kimoja kwa jimbo zima kinauma zaidi palipo na umaskini zaidi. Sheria ya Missouri imepunguza makali kidogo, kwa kuwa inayaacha nje maduka na biashara za huduma ambazo mauzo yao ya mwaka hayafiki dola 500,000. Ila dawa halisi ya tatizo hilo ni kuuacha kila mji ujipimie, na wanaolalamika leo ndio walioikataza St. Louis kufanya hivyo. Jingine linasemwa mara chache: Missouri ina Wakongo wengi, wasemaji wa Kiswahili wenzetu waliofika kama wakimbizi, na asiyekuwa raia hapigi kura hii hata kama ndiyo inayopanga mshahara wake. Kwa hili Bunge nalo halikuwa na jibu bora.

Kisha kuna likizo ya ugonjwa. Je, aliyetia ndiyo kwa sababu ya dola 15 alikuwa anaitaka pia likizo, au alibebeshwa? Ni swali halali. Wenye biashara hawakufanya kampeni kubwa kulijibu kabla ya Novemba. Walikwenda mahakamani baadaye, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Missouri ikakataa kuyafuta matokeo. Likizo ikaanza Mei 1. Julai Gavana Mike Kehoe akasaini sheria ya Bunge ya kuifuta, na Agosti 28 ikaisha, siku ileile ya mwezi iliyoikuta St. Louis miaka minane nyuma. Aliyejikusanyia saa zake tangu Mei alikuwa na kama miezi minne ya kuugua.

Dola 15 yenyewe haikuguswa. Kilichoondolewa kimyakimya ni kifungu cha kupandisha kima kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, utaratibu ambao wapiga kura wa Missouri waliuanzisha mwaka 2006. Kwa hiyo kuanzia 2027 dola 15 itabaki 15 hata mayai yapande vipi.

Bunge liliweza haya kwa sababu Proposition A ilikuwa sheria ya kawaida. Ingekuwa kifungu cha katiba, kama Florida, lisingeweza kuifuta peke yake. Wanaharakati wanalijua hilo, na Bunge nalo linajua kwamba wanalijua. Septemba 2025 lilipitisha pendekezo kwamba mabadiliko ya katiba yanayoletwa na saini za wananchi yashinde katika wilaya zote nane za uchaguzi wa Bunge la Marekani. Yakishindwa katika wilaya moja, yameanguka. Pendekezo hilo nalo ni lazima lipigiwe kura na watu wa Missouri, Novemba 2026, na lenyewe linahitaji wingi wa kawaida tu. Florida ilishapita njia hiyo: sharti la asilimia 60 kwa mabadiliko ya katiba liliingizwa mwaka 2006 kwa kura ambazo hazikufika hata asilimia 58.