Kambi Iliyotakiwa Iwe Tupu

Rambo nilimbeba kabla sijamwona. Alikuwa amechapwa kwenye mfuko wa nailoni, kifua wazi, kitambaa kimefungwa kichwani, bunduki mkononi, na ndani ya mfuko kulikuwa na nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni ya mche. Dukani hukuhitaji kutaja neno mfuko. Ulisema "nipe na rambo" na Mangi akakuelewa. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania, Juni 1, 2019, picha ilikuwa imeshatoweka kwenye nailoni siku nyingi, lakini jina lilibaki, na watoto waliolitumia hawakujua kuwa ni jina la mtu. Tena mtu aliyetungwa ili alalamike.

Nasema alalamike kwa sababu ndivyo alivyoanza. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, na katika sinema ya kwanza ya 1982, John Rambo ni askari wa kikosi maalumu aliyerudi kutoka Vietnam akakuta hana kazi, hana rafiki aliyebaki hai, na mkuu wa polisi wa mji mdogo hataki hata kumwona akipita barabarani. Katika sinema hiyo anakufa mtu mmoja tu, kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni komandoo analia kama mtoto. Riwaya inamuua Rambo, na watengenezaji wa sinema nao walipiga picha ya kifo chake kisha wakaiacha. Wangeiacha ile ya kunusurika kwake, leo tusingekuwa na mjadala huu wa kama sinema ya Rambo ishutumiwe au itetewe, maana kisingekuwapo kile kilichofuata mwaka 1985.

Sehemu hiyo ya pili, iliyoongozwa na George P. Cosmatos na kuandikwa na Sylvester Stallone, mwigizaji wa Rambo mwenyewe, pamoja na James Cameron, ndiyo iliyoleta picha ya kwenye mfuko. Rambo anavunja kokoto gerezani. Kanali Trautman, mkubwa wake wa zamani, anamletea kazi: arudi Vietnam, aingie kwenye kambi moja msituni, apige picha kuthibitisha kama kuna mateka wa Kimarekani waliosahauliwa, kisha atoke. Asiokoe mtu. Rambo anamuuliza kama safari hii wataruhusiwa kushinda. Anafika, anakuta mateka kweli, anamchukua mmoja hadi kileleni mahali helikopta inapomsubiri, na hapo mkuu wa shughuli, mtumishi wa serikali aitwaye Murdock, anaamuru helikopta igeuze na kumwacha. Siri ni kwamba kambi ile ilitakiwa iwe tupu. Washington ilitaka picha za vibanda vitupu ili wananchi wanyamaze. Baada ya hapo ni mateso mikononi mwa Warusi, mishale yenye vichwa vya bomu, na mateka wote kurudi nyumbani kwa helikopta iliyotekwa.

Sinema iliingiza dola zipatazo milioni 300 duniani. Ikapewa pia tuzo za dhihaka za Razzie, ikiwamo ya sinema mbovu kuliko zote za mwaka. Na Ronald Reagan, siku mateka 39 wa ndege ya Kimarekani ya TWA walipoachiwa kule Beirut, Juni 30, 1985, alitania kwamba baada ya kumwona Rambo jana yake amejua la kufanya likitokea tena. Rais anapotaja sinema kwenye kipaza sauti cha ikulu, hata kwa utani, inakuwa imeshavuka mpaka wa burudani.

Hoja za wanaoishutumu ni nzito, na mimi nazikubali karibu zote. Ya kwanza ni Wavietnamu. Wamewekwa pale ili waanguke. Wanalinda, wanapiga kelele, wanalipuliwa; hata ukatili wenyewe hawaaminiwi kuufanya vizuri, mpaka waje Warusi. Kwa haki nitasema kuwa Warusi walikuwapo Vietnam miaka ile, na kituo chao cha jeshi la majini kilikuwa Cam Ranh. Lakini kuigeuza nchi iliyopoteza watu hadi milioni 3 kuwa kijakazi wa Moscow, katika hadithi inayohusu maumivu ya vita hiyohiyo, ni kumnyang'anya mfiwa matanga yake. Mvietnamu pekee mwenye jina na utu ni Co Bao, dada anayemwongoza Rambo msituni. Anambusu, anamwomba amchukue Marekani, na hapohapo anapigwa risasi. Aliyezoea sinema alishajua tangu busu.

Ya pili ni lile swali la kuruhusiwa kushinda. Limebeba madai kwamba askari wa Marekani hawakushindwa na mtu, walifungwa mikono na wanasiasa wao. Nchi hiyo ilidondosha zaidi ya tani milioni 7 za mabomu Vietnam, Laos na Kambodia, kupita yote yaliyodondoshwa na washirika wote katika Vita Kuu ya Pili. Kama hiyo ndiyo mikono iliyofungwa, sijui iliyofunguliwa ingekuwaje. Cameron mwenyewe alikuja kujitenga na siasa ya filamu. Alisema yeye aliandika mapigano, siasa ni ya Stallone. Naye Stallone, ni vizuri ikumbukwe, hakupigana Vietnam.

Hata hivyo siwezi kuitupa jumla, na sababu yangu haitoki Marekani. Inatoka kwa wazee wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Askari wetu kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Burma, wakapigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw mwaka 1944, msitu, mvua na malaria, amri zikitolewa kwa Kiswahili. Waliporudi, malipo yao yalikuwa madogo kuliko ya mzungu waliyelala naye kwenye handaki moja, na wengi walizeeka wakiulizia haki zao ofisi hadi ofisi. Mtu aliyekulia karibu na mzee wa namna hiyo hahitaji kufafanuliwa Rambo analia nini. Hata Murdock si mgeni kwake. Ni yule bwana wa nyuma ya meza anayesema faili lako halionekani. Ndiyo maana tukio lililopigiwa makofi kuliko yote katika kibanda umiza, banda la video la mtaani nilikokulia, halikuwa kuuawa kwa Mrusi. Lilikuwa lile la mwisho, Rambo anapoingia ofisini kwa Murdock na kuzimiminia risasi mashine zake. Watu wasiowahi kuigusa kompyuta walisimama kwenye mabenchi wakishangilia kompyuta zikifa.

Pia sinema haikubuni kila kitu. Trautman anamwambia Murdock kwamba Marekani iliahidi kulipa mabilioni ya kujenga upya Vietnam kisha ikakataa. Ni kweli: Rais Nixon aliandika barua kwa Waziri Mkuu wa Vietnam Kaskazini, Pham Van Dong, Februari 1, 1973, akitaja dola bilioni 3.25, na fedha hizo hazikulipwa. Mwanamaji Robert Garwood, aliyetekwa mwaka 1965, alirudi nyumbani mwaka 1979, miaka 6 baada ya mateka 591 kurejeshwa na serikali kutangaza kuwa wamekwisha. Kwamba alishtakiwa na kukutwa na hatia ya kushirikiana na adui ni habari nyingine. Kwa mama aliyekuwa akisubiri, habari ilikuwa kwamba mtu anaweza kutokea baada ya miaka 14. Familia hizo hazikuwa wajinga. Zilikuwa zimeshadanganywa mara nyingi kuhusu vita hiyo, na aliyedanganywa juu ya kila jambo hukosa sababu ya kuamini hili moja.

Ila hapa ndipo ninapoachana na watetezi wake, na si kwa sababu ya damu. Watu wengi waliolalamikia Rambo walihesabu maiti. Mimi naangalia kambi.

Novemba 21, 1970, usiku, makomandoo 56 wa Marekani wakiongozwa na Kanali Arthur "Bull" Simons walitua Son Tay, kilomita kama 37 magharibi ya Hanoi, kuwaokoa wafungwa wa kivita. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi. Helikopta moja iliangushwa makusudi ndani ya ua wa gereza ili waingie haraka. Walifungua chumba baada ya chumba. Hakukuwa na mfungwa hata mmoja. Walikuwa wamehamishwa tangu Julai. Hakuna komandoo aliyekufa, hakuna aliyeokolewa, na kwa upande wa ufundi wa kijeshi ilikuwa kazi safi.

Mwaka 1982 akaja komandoo mstaafu hasa, Luteni Kanali Bo Gritz, aliyevuka kutoka Thailand kuingia Laos na kikundi cha wapiganaji kutafuta mateka, safari ya kibinafsi iliyochangiwa hata na mwigizaji Clint Eastwood. Walishambuliwa njiani wakarudi mikono mitupu. Kisha kati ya 1991 na 1993 kamati teule ya Seneti, chini ya John Kerry, yeye mwenyewe mpiganaji wa Vietnam, ikiwa na John McCain aliyekaa mateka miaka zaidi ya 5, ilipekua nyaraka na kuhoji watu. Ilikiri kuwa upo uwezekano kwamba wachache walibaki hai baada ya 1973. Lakini haikupata ushahidi wa kuaminika kwamba yupo Mmarekani aliye hai kifungoni.

Yaani maisha yalipeleka makomandoo kweli, na kambi ikawa tupu. Sinema ikapindua: kambi imejaa, na anayesema ni tupu ni mwongo anayelipwa kusema hivyo. Ukishamfundisha mtu hivyo, umefunga mlango kwa ndani. Kila kamati itakayorudi bila mateka itakuwa Murdock. Kila chumba kitupu kitakuwa ushahidi kwamba wamefichwa kwingine. Haya hayakuishia kwenye viti vya sinema. Swali la waliopotea lilikuwa kisiki kikubwa kati ya nchi hizo mbili. Vikwazo vya biashara dhidi ya Vietnam viliondolewa Februari 1994 tu, na uhusiano wa kibalozi ukaanza Julai 1995, miaka 20 baada ya Saigon kuanguka. Sitasema Rambo ndiye aliyeyachelewesha, kwani sinema za namna hiyo zilikwishaanza kabla yake na siasa ilikuwa na sababu zake. Ila yeye ndiye aliyewapa mateka wale sura. Mtu alikuwa amewaona, kwa macho yake, kwenye mianzi, wamedhoofu, wanakohoa. Ripoti ya Seneti itashindana vipi na hilo?

Na wakati Marekani ikihesabu watu wake zaidi ya 2,500 wasiojulikana walipo, wengi wao ikifahamika wazi kuwa walikufa, Vietnam ilikuwa na wake wanaokadiriwa kufika 300,000. Hao hawana helikopta katika sinema yoyote niliyoiona.

Kuna shutuma moja ambayo huwa inatuhusu sisi zaidi, kwamba Rambo aliharibu vijana wa Afrika. Mfano unaotolewa ni Sierra Leone, ambako wapiganaji wa kundi la waasi la RUF miaka ya 1990 walionyeshwa mikanda ya Rambo, na Liberia ambako wapiganaji walijiita kwa jina hilo. Hapo ningekwenda polepole. Paul Richards, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti Sierra Leone, aliandika mwaka 1996 kwamba vijana wale walisoma ile sinema ya kwanza kwa namna yao: kijana aliyefukuzwa mjini na wenye mamlaka, anayejiokoa msituni kwa akili yake. Walijiona wao. Ukisema sinema iliwafanya wakate watu mikono, umeisahau almasi, umelisahau dola lililooza, umewasahau na watu wazima waliowapa silaha. Mkanda wa video hauna uwezo huo. Uwezo wake ni wa kumpa mtu mwenye kinyongo umbo la kukivaa, na umbo la mwaka 1985 lilikuwa na misuli mingi kuliko lile la 1982.

Nimeirudia hivi karibuni, safari hii mpaka mwisho kabisa. Pale kibandani hatukuwahi kuumaliza mkanda. Kompyuta zikishakufa, mwenye deki alikuwa anauchomoa aurudishe nyuma, kwa sababu watu wa onyesho la saa 2 walikuwa wameshajaa mlangoni, na sisi tukitolewa tulikuwa tumeridhika: steringi hajafa. Kumbe bado kulikuwa na dakika chache. Rambo anatoka nje, na Trautman anamfuata akimwambia huenda atapewa medali nyingine. Anajibu kwamba wapewe wale waliokuwa kambini. Kanali anamuuliza basi yeye anataka nini. Sauti inakatika. Anasema wanataka nchi yao iwapende kama wao walivyoipenda. Kisha anaondoka peke yake kwa miguu, na ngoma ya mwisho inaanza.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja niliposikia maneno hayo kwa mara ya kwanza.