Marumaru ya Mkuu

Juzi jioni niko barazani, Barabara ya 9 hapa Ngamiani, kahawa ya pili na kashata mkononi, simu ikaleta picha kwenye kundi la tuliosoma pamoja chuo. Mwenzetu mmoja, siku hizi mkurugenzi wa fedha wa kampuni kubwa huko Dar, amerudi chuoni "kurudisha fadhila". Suti, utepe, mkasi juu ya sinia, hundi ya boksi kubwa kama mlango wa banda. Kapaka rangi ukumbi, kaweka viti vipya, na ukutani kipande cha marumaru chenye jina lake lote mpaka la babu. Kundi zima: hongera mkuu, hongera mkuu, makofi.

Nikazima data.

Wivu? Haya, robo yake ni wivu. Yeye mkurugenzi, mimi bado nanyonga baiskeli kama Watanga wenzangu. Na vile viti vya zamani navijua, vilinichania suruali mbili, kwa hiyo sisemi kazi haikuwepo.

Robo tatu zilizobaki ni kijana wa nyumba ya tatu kutoka pale barazani. Mama yake anauza vitumbua. Alichaguliwa chuo, mkopo ukaja nusunusu, ada ikabaki na pengo. Tukachangishana mtaani, tukafika tulipofika. Muhula wa pili akazuiwa mtihani kwa sababu anadaiwa. Sasa anaendesha bodaboda ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu. Pengo lake lilikuwa dogo kuliko bei ya ile marumaru. Naapa, maana marumaru nimewahi kuuza.

Mtaniambia hata Marekani matajiri wanaandikwa ukutani. Kweli. Lakini mtazameni Michael Bloomberg, aliyetajirika kwa kuwauzia mabenki taarifa za masoko. Alimaliza Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, na mchango wake wa kwanza kwa chuo, mwaka uliofuata, ulikuwa dola 5. Tano! Hakusubiri ukurugenzi. Mwaka 2018 akatoa dola bilioni 1.8, na hazikwenda kwenye rangi wala viti. Zilikwenda kusomesha, ili mtoto apokelewe bila kuangaliwa mfuko wa baba yake, na apewe ruzuku badala ya mkopo. (Ndiyo, shule ya afya ya jamii ya pale ina jina lake. Sikusema ni malaika.)

Wengine mtaleta ile asilimia 15 ya mshahara tunayokatwa kuilipa Bodi ya Mikopo. Lile ni deni. Kulipa deni si fadhila.

Na kama shida ni jina, njooni Tanga muone majina yanavyokwisha. Galanos, ambaye sekondari yetu moja ina jina lake, alikuwa Mgiriki wa enzi za mkonge. Muulize mwanafunzi wa Galanos leo alikuwa nani, atakuonyesha bweni lilipo. Na Popatlal, sekondari nyingine, je? Watoto wanalitamka jina hilo kama wanavyotamka mtaa wa Chumbageni.

Kinachonichoma hasa ni kwamba mkuu huyu mwenyewe alibebwa. Hana hosteli, tukabebana kitanda changu mwaka mzima, miguu yake kichwani kwangu. Bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, likachelewa, akafunga begi arudi kwao. Aliyemzuia ni mama ntilie wa nyuma ya hosteli: akafungua daftari, akamwandikia wali maharage wa miezi miwili, akamwambia, "Soma mwanangu, utanilipa." Hakuna aliyepiga picha. Yule mama hakukata utepe, na mpaka leo sidhani kama kuna ukuta wowote wenye jina lake. Lakini kama si lile daftari, leo pasingekuwa na mkurugenzi wala marumaru.

Jana usiku nimemwandikia faraghani. Nimemtumia deni la kijana na namba ya malipo ya chuo, nikamalizia: "Mkuu, unalikumbuka daftari?"

Tiki mbili za bluu, tangu saa tatu.